Trauti wa Baba Mkwe

Benchi la kahawa mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa asubuhi ile, na kesi iliyokuwa ikisikilizwa ni ya Randa, seremala wa ng'ambo ya barabara. Kila Jumapili baba mkwe wake humpeleka mtoni, kule juu kwenye maji baridi, kuvua trauti, wale samaki wenye madoadoa na mstari wa waridi ubavuni. Mzee hupata. Randa hurudi mikono mitupu, na kesho ilikuwa Jumapili nyingine.

— Unakosea kusimama, bwana, — alisema Redio, fundi wa redio asiyezimika. — Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, anangoja maji yamletee wadudu. Ukija kwa mbele, kashakuona. Mnyemelee kwa nyuma, rusha ndoana mbele yake, ishuke na maji kama nzi aliyejiangukia.

— Nimefanya hivyo, sikupata kitu.

— Basi ni miguu yako! — akadakia Kipara, kinyozi mwenyewe, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. — Yule ana mstari ubavuni wa kusikia mtikisiko. Ukikanyaga jiwe tu, habari imefika. Na nyayo anazijua! Anatofautisha mkwe na mwenye binti.

— Zaidi ya hapo, — Redio akapandisha sauti, — ule wa waridi ni antena. Unanasa mapigo ya moyo. Wewe unamwogopa mzee, moyo unapiga ngoma, samaki wanahama mto mzima!

Benchi likaangua kicheko. Randa hakucheka. Tangu aoe, alikuwa akijiambia kwamba siku atakayonasa mmoja tu, mzee atamwona naye ni mtu.

Mara mkewe akatokea, kamletea ufunguo wa karakana aliousahau nyumbani. Wakampisha akae, akakataa.

— Shemeji, tunamfunda mumeo kuvua, — alisema Redio.

— Asanteni. Lakini baba hali samaki wale. Hulowesha mikono asiwachubue, akawarudisha majini. Tangu mama afariki, trauti hajaingia jikoni kwetu. Sasa kama hafuati samaki, baba humchukua mume wangu kwa nini?

Redio akavuta kikombe chake cha kahawa. Kipara akakumbuka mteja wake. Randa alikuwa ameiona mikono ile ikilowa mara nyingi, akadhani ni maringo ya bingwa.

Kesho yake hakutoa hata mshipi mfukoni. Alikaa kando ya mzee, akauliza taratibu:

— Baba, mama naye alikuwa akija huku?

Mzee aliuacha uzi wake uchukuliwe na maji bila kuuvuta.

— Ndiye aliyenifundisha kuvua, — akasema. — Alikuwa akinicheka mpaka samaki wanakimbia.

Akaanza kusimulia. Walirudi nyumbani jua linazama, hakuna aliyenasa kitu, na mzee alikuwa bado hajamaliza.