Walitaja Walikotoka, Nikabaki na Watoto Wangu

Sabato njema, ndugu zangu, na Bwana asifiwe! Asifiwe tena, wale wa nyuma sijawasikia. Asanteni.

Mnamwona huyu Akinyi niliyemshika mkono, meno ya mbele yameng'oka na bado anataka miwa. Mtoto huyu alikuwa karibu kukua bila mimi. Ndiyo sababu nimeomba nafasi leo, na nitasema polepole, maana nikilikimbiza jambo hili nitalia.

Kwa wageni wetu, niseme kwanza desturi ya hapa. Mke haitwi sana jina alilopewa na baba yake, anaitwa kwa kule alikotoka. Nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Nyar Alego, binti wa Alego. Mimi nilizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, lakini kwa watu wa hapa Suna, Mungu awabariki, kila kitu kilicho Tanzania ni Musoma. Basi nikawa Nyar Musoma. Nililipenda jina hilo. Mtu akiniita hivyo nilijua amenikubali kuwa mke wa hapa.

Na niliolewa kwa ng'ombe, ndugu zangu, sikutoroshwa! Shemeji zangu waliwaswaga mpaka kwa baba yangu, na ng'ombe wale walivuka mpaka bila kuulizwa kipande, yaani kitambulisho. Mimi nami nikavuka kuja huku vivyo hivyo, kwa miguu, beseni kichwani. Nani angefikiria karatasi? Nashon wangu akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, mimi nikauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na Mungu akatupa watoto watatu.

Ndipo kukawa na msako wa wageni wasio na karatasi. Siku moja ya soko nilikuwa nimekaa na omena zangu kutoka kisiwa cha Mfangano. Mama Pere, anayeuza nyanya mkabala nami, akapaza sauti kama kawaida yake: "Nyar Musoma! Nipimie kopo moja la gorogoro, na usinibanie!" Maofisa wawili walikuwa wanapita. Wakasimama, wakauliza, "Nani hapa ni wa Musoma?" Mstari mzima wa akina mama ukaninyooshea vidole, kwa furaha, wakidhani nimepata wateja.

Sikuwa na kipande. Nikachukuliwa.

Kule kituoni mkubwa wao hakunipiga wala kunitukana. Aliniambia tu kwamba Ijumaa nitapelekwa mpakani. Nikamuuliza, na watoto? Akasema baba yao ni wa hapa na wamezaliwa hapa, watabaki. Alisema kama mtu anayegawa viti.

Akinyi alikuwa bado ananyonya. Siku ya kwanza Nashon alimleta, askari wa zamu akaniruhusu nimnyonyeshe. Siku iliyofuata ikawa zamu ya mwingine, akakataa. Nilimsikia mwanangu akilia nje ya ukuta, maziwa yakatoka yenyewe, blauzi ikalowa. Niliumia, ndugu zangu! Wala sikuomba sala nzuri kama zenu. Nilisema tu, "Bwana, kama hutanitoa, basi huyu mtoto asikatae uji."

Sikujua kwamba nje jibu lilikuwa limeanza kutembea. Mama Pere hakula tangu siku ile ya soko. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Ni mdomo wangu uliomtaja, ni mdomo wangu utakaomtoa." Akina mama wengine walitaka kwenda kituoni na matawi na nyimbo. Mzee wetu wa kanisa akawaambia, "Tukienda kwa kelele yule mkubwa wa kituo atatufungia nje. Kila mtu aende aseme alichokiona kwa macho yake, basi." Wakamwendea naibu chifu, akakubali kufuatana nao. Nashon naye akamwita mama yake kutoka Rodi Kopany.

Ijumaa ikafika, gari likiwa tayari uani. Nilipotolewa kuingizwa ofisini nilikuta imejaa, wengine wamesimama hata dirishani. Mkunga wangu akasema, "Watoto wote watatu nimewapokea kwa mikono hii." Shemeji yangu akasema, "Ng'ombe niliwapeleka mimi." Yule ofisa mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Haya. Huyu mama mnamwita nani?"

Mama Pere akaanza, "Nyar Mu..." akajiziba mdomo.

"Maliza, mama."

"Nyar Musoma."

"Basi mmejibu wenyewe," ofisa akasema. "Si wa hapa."

Mimi nikaona yamekwisha.

Mama mkwe akainuka. Ni mama mfupi, mnamjua, lakini hana haraka. "Mwanangu, mimi nimeolewa Rodi Kopany kabla wewe hujazaliwa. Unajua mpaka leo wananiita nani? Nyar Mfangano. Sasa nikitoka hapa nitafute mashua nirudi kisiwani?"

Mkunga akasema, "Mimi ni Nyar Kisii." Mwingine, "Mimi Nyar Alego." Wakaendelea mmoja mmoja, taratibu, mpaka wale wa dirishani. Ndugu zangu, jina lililonipeleka ndani lilikuwa la kila mwanamke pale.

Ofisa akasema, "Lakini Mfangano ni Kenya, mama."

"Ni Kenya, ndiyo. Lakini katika boma letu hakuna mke aliyezaliwa mle. Mama yako alizaliwa katika boma alimokuzaa?"

"Hapana."

"Na kama wangemrudisha kwao wewe ukiwa bado unanyonya?"

Ofisa akasema, "Mama, sijasema huyu si mke wa mtu. Nimesema hana karatasi."

Hapo Mama Pere akafungua tena ule mdomo wake, Bwana aubariki! "Basi tuambie karatasi inatafutwa wapi. Tutampeleka sisi."

Naibu chifu akasimama kunidhamini. Ofisa akakubali, akaniambia niwe naripoti pale mpaka mambo yangu yanyooke. Gari likaondoka bila mimi, nami nikamnyonyesha Akinyi pale pale kwenye benchi ya ofisi, mbele ya kila mtu. Jua lilikuwa halijatua. Tukaipokea Sabato nyumbani, sote watano.

Karatasi zilisumbua, sitawadanganya. Nenda rudi nyingi mpaka Kisumu, na kila safari mama mmoja aliacha biashara yake akanisindikiza, ili asiwepo wa kusema sijulikani. Leo ninazo. Namshukuru Mungu aliyenifungua, na namshukuru kwa kuwa hakutuma malaika, alituma majirani.

Ndugu zangu, yule dada aliyekaa karibu na mlango, mwenye mtoto mgongoni, mumewe ni mvuvi kutoka Uganda. Mume huyo alichukuliwa Alhamisi. Dada, usiinamishe kichwa. Mwamini Bwana, alinisikia mimi nikiomba habari ya uji.

Jumatatu asubuhi ninakwenda kituoni. Aliyewahi kumwona mtu yule akibeba mwanawe, aliyewahi kununua samaki wake, aje aseme hivyo tu. Wenzangu walipofika ofisini siku ile, ofisa aliuliza nani amewaita, wakakosa la kujibu. Safari hii akiuliza, mwambieni ni Nyar Musoma.