Shikamoo ya Ng'ambo ya Lami

Wazazi wangu, ndugu zangu wa jumuiya, shikamooni. Mnaniona natetemeka, lakini msijali. Hata kuchagua viazi sokoni mimi hutetemeka.

Mnajua nilivyolelewa, maana mmenilea ninyi. Mtoto wa hapa Kabanga hamsalimii mkubwa kwa kupiga kelele. Anamfuata alipo, anainama, anampa mkono. Basi nilikuwa nimerudi na shahada yangu, kazi sina, nikamwona mama mdogo ng'ambo ya lami. Nikawaza: nisipomfuata, atasema chuo kimeniharibu. Nikavuka nikimtazama yeye tu. Pikipiki ikanizoa.

Mguu ulipona. Akili ndiyo iliyobaki barabarani. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nasimama ukingoni mpaka wenye maduka wananiuliza kama nimepotea. Barabara nyeupe, haina hata gari moja, mimi nawaza: je, nyuma ya kona kuna lori? Je, likikatika breki? Narudi nyumbani bila chumvi, mama anapika hivyo hivyo. Hata ibadani nikaacha kuja.

Mkanifuata. Kina mama mkawa mnapita kwetu, mnanishika mikono, mmoja huku, mmoja huku. "Msomi wetu, tazama kulia, kushoto, kulia tena. Haya, twende! Mbona unafikiri kama umeletewa posa?" Nilicheka, nikavuka. Lakini peke yangu, hapana.

Jumapili moja mlichelewa, nikatoka mwenyewe. Nikaganda ukingoni. Ng'ambo, bibi yetu huyu aliyekaa mbele akaniona, furaha ikamshika.

"Mwana wanje!" Ndiyo "mwanangu" kwa Kirundi.

Akaanza kuvuka anifuate, mikono ameitandaza. Mnamjua, alikulia Burundi, ambako magari hupita kulia. Akatazama kushoto kwanza. Lori lilikuwa linatoka kulia kwake.

Mimi ninayewaza kila kitu, hapo sikuwaza chochote.

"Bibi, simama! Rudi nyuma!"

Nilimfokea mkubwa wangu mbele za watu, tena siku ya Bwana. Akarudi. Lori likapita, upepo wake ukamvua kitenge begani. Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, nikavuka. Nilishafika ndipo nikakumbuka kwamba naogopa. Nikapiga magoti kumwomba radhi kwa kelele zangu.

Akanishika kichwa. Akasema, "Marahaba."

Kina mama mlionishika mikono, asanteni. Mama yangu, asante kwa mboga zile zisizo na chumvi. Ombi langu ni moja: tukionana ng'ambo, tuinuliane mkono tu, kila mtu abaki alipo mpaka magari yaishe. Heshima itangulie kuvuka, miguu itafuata.

Na wewe bibi yangu, usicheke. Tukitoka hapa nitakupungia mkono. Kaa pale pale, nakuja mimi.