Mistari Iliyoitwa Masizi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wanafunzi, na wewe dada yangu tunayekuaga leo: heshima zenu zote nazitambua. Nimeombwa niseme maneno matamu kwa dakika tano. Matamu sina.

Huyu tunamwita Mama Mistari. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza ndege ndogo za plastiki ambazo mafundi wetu hujifunzia kabla hawajaruhusiwa kugusa ndege ya kweli. Mmewahi kumwona kazini? Huzimua rangi nyeusi ya mafuta kwa tina mpaka iwe nyepesi kama chai, akagusisha ncha ya brashi kwenye mfereji mwembamba wa bawa, na rangi ikakimbia yenyewe hadi mwisho wa mfereji. Husubiri ikauke kidogo, kisha hufuta ya ziada kwa pamba, akivuta kuelekea mkiani, kama upepo unavyopita. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona bati hili linaishia wapi na lile linafunguliwa wapi.

Mwaka jana, akiwa hospitalini akimuuguza mama yake, tulitarajia wageni. Mkuu, ulisimama mbele ya kabati ukauliza, "Mbona ndege zimejaa masizi? Zisafishwe." Masizi. Kazi ya miaka kumi na tisa, na hukumuuliza mtu hata mmoja.

Lakini hasira yangu haiwezi kuishia kwako, maana aliyeshika kitambaa chenye tina ni mimi. Ndege kumi na nane nilizisugua kwa mkono huu. Mistari ikatoka, na rangi ya chini nayo ikabanduka.

Aliporudi alichukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kaziosha?"

"Mimi, dada. Mkuu aliagiza."

"Ulijua ile ni nini?"

"Nilijua."

"Basi yeye hakujua. Wewe ulijua." Akaenda kutafuta brashi zake.

Muhula ule, kwenye mtihani, wanafunzi waliulizwa kifuniko cha tangi la mafuta kiko wapi, wakaonyesha bati tupu. Tukawalaumu wao. Nani kati yetu alisimama akakiri? Na dada alipoomba aongezewe miezi mitatu, kwa kuwa alikuwa amerudishia mistari ndege saba tu, alijibiwa kwa barua ya sentensi moja kwamba muda wake umekwisha. Leo tunamzawadia saa ya ukutani. Ili iweje, akae nyumbani auhesabu huo muda?

Hizo kumi na moja zilizobaki nitazifanya mimi, kwa ruhusa au bila ruhusa. Jana nilimpelekea ya kwanza. Alilitazama bawa zima, akachovya pamba kwenye tina, akafuta kila nilichochora.

"Rudia," akasema, akanisogezea kiti.

Dada, narudia. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka hapa, nawashukuru kwa masikio yenu.