Mwalimu Bura Hermani na Sinema ya Zahanati

Baba yetu mpendwa, Mwalimu Bura Hermani, alizaliwa Tumati, wilayani Mbulu, tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Hermani Tluway na Mama Helena.

Alisoma hapa hapa nyumbani huku akichunga ng'ombe wa babu, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 1978. Alifundisha miaka thelathini na minane. Ukimpelekea habari yoyote aliuliza, "Umeona mwenyewe?" Hata tukimwambia ng'ombe kazaa, alituuliza hivyo hivyo, na tulirudi zizini kuhakikisha.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Marieta. Walijaliwa watoto wanne.

Septemba 2020 watu wa kampeni walileta gari lenye skrini kubwa kwenye uwanja wa mpira. Sinema yao ilikuwa ya Kiswahili, na wazee wetu wengi wanaelewa Kiiraqw tu, hivyo baba akaombwa kutafsiri. Ilionyesha zahanati mpya, vitanda, nesi akimpima mama mjamzito. Ikasema kitongoji chetu kitapata kama ile ndani ya mwaka mmoja. Baba alishika kipaza sauti akayasema yote, tena vizuri mno. Watu wakapiga kura. Kilichosimamishwa ni kibao tu cha zahanati, kando ya barabara.

Mtangazaji wa sinema hakuna aliyemkumbuka. Sauti waliyoikumbuka ni ya baba. Bibi Genoveva, jirani yetu, alikuwa akimsimamisha njiani: "Mwalimu, zahanati yako iko wapi?"

"Shikamoo, mama," baba alijibu, basi. Aliandika barua saba ofisi ya wilaya kuulizia zahanati, hakujibiwa. Tulimwambia kosa si lake. Ilimuuma vilevile, na sisi tulishindwa kumsaidia.

Tarehe 9 Septemba 2025 alipata kiharusi. Kaka yetu Abel alimshikilia kwenye pikipiki kuelekea hospitali, mwendo wa saa mbili. Walipopita kwenye kile kibao, baba alisema kwa shida, "Waambie sikuona mwenyewe." Alifariki njiani.

Kesho yake, tukiwa msibani, vijana wa kampeni walifika na gari jipya wakimuulizia Mwalimu Bura, awatafsirie sinema. Tuliwapa chai.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Majirani, hakuona mwenyewe. Baba, tumewaambia. Sasa pumzika kwa amani.