Mshono wa Kulia wa Mashua ya Kaka Yake

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika mameneja wanne wa karakana hii, randa tatu za umeme na meno yangu yote, kwa hiyo wasifu huu naandika mimi, si yule karani. Nimeishia darasa la tatu, lakini ningeendelea mngekosa fundi.

Mwenzetu Patasi anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kutengeneza mashua za uvuvi. Macho ndiyo yanamtoa, mikono bado. Kazi nilimfundisha mimi. Alinipita kwa kalafati tu, yaani kule kuziba mishono ya mbao kwa pamba na mafuta, na hilo nimelikubali mwaka huu. Ukimletea mashua na uongo wako, anaipapasa ubavu kisha anakutajia umri wake. Muuzaji mmoja alisema yake ina miaka kumi. Patasi akamwambia, "Basi na wewe bado unanyonya."

Sasa la huzuni. Miaka thelathini na moja iliyopita alitia kalafati mshono wa kulia wa mashua ya kaka yake. Wiki hiyohiyo kaka hakurudi. Mashua iliokotwa mbali, imejaa maji, na walioiokota wakaiuza hukohuko. Sisi tulipata habari tu. Mama yao akasema mshono ulifumuka. Hakula tena na Patasi mpaka alipokufa. Patasi hakujitetea, maana na yeye hakujua.

Mwaka huu wavuvi wawili walileta mashua kuukuu, wameinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Rangi tabaka sita, namba imerandwa. Patasi akakwangua ubavu wa kulia, akafika kwenye pamba, akaketi chini. Kila fundi humalizia pamba kivyake. Yeye huikunja mara mbili na kuisokota kuelekea kushoto.

"Ni yenyewe," akasema.

Nilibisha siku mbili nzima. Nilishindwa.

Mshono ulikuwa mzima, mkavu kau. Tulipong'oa mbao za upande wa kushoto ndipo tukaona mataruma matatu, zile mbavu za mashua, yamevunjika kuelekea ndani na kupigwa viraka na fundi mwingine. Iligongwa na chombo kikubwa. Haikufumuka.

Patasi akamtumia habari mtoto wa kaka yake, mchomeleaji wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kumwita baba mdogo. Alikuja siku ya nne. Akaushika mshono, akazunguka, akatia mkono kwenye yale mataruma.

"Bibi amekufa akijua ni wewe," akasema.

"Najua."

Akaondoka bila kuaga. Patasi akachukua nyundo. Miezi mitatu alibadilisha mbao, mataruma, mpaka kipande cha mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, na mashua sasa iko majini. Mshono wa kulia hakuugusa.

Patasi, karakana inakushukuru kwa mashua zote zilizorudi na watu wake. Nenda ukapumzike, na usingizi ukujie mapema. Anayebishia habari hii asinisumbue mimi, amuulize huyo mchomeleaji. Mimi naye hatupatani hata kidogo, lakini alitia mkono wake mwenyewe, na sijawahi kumsikia akisema uongo.