Pazia la Ubao wa Fahari Lisivutwe Bado

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Daktari Kibe; Mkuu wa Chuo chetu, Bwana Kuria; walimu wenzangu, wazazi mliofunga kazi zenu mkaja hapa Muthangari asubuhi ya siku ya kazi, wahitimu wetu, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: hamjambo? Sijasikia. Hamjambo nyote? Haya, sasa tumeamkiana.

Nimepewa dakika kumi za kuaga. Nimekuwa msajili wa chuo hiki kwa miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo ni mimi niliyewakatiza wengine dakika zao zilipoisha. Kwa hivyo leo mtu asinikonyeze. Bwana Kuria, nakuona.

Ratiba inasema kwamba nikimaliza, Mwenyekiti atavuta lile pazia jekundu pale ukutani, na nyuma yake kuna Ubao wa Fahari. Wageni, niwaeleze. Ni ubao tunaoandika majina ya wanafunzi wetu waliomaliza diploma hapa, kisha wakaenda kutafuta digrii katika vyuo vikuu vyenye majina makubwa. Walioenda kwingine hawaandikwi. Wazo hilo lilikuwa langu mimi, Phoebe Naliaka, na kwa miaka mingi nimepita pale kila asubuhi nikisoma majina yale na kujisikia mtu. Chini kabisa, kwa rangi ambayo haijakauka sawasawa, pameandikwa jina la Joyline, mwanafunzi bora wa uhasibu mwaka huu. Mpigieni makofi.

Asanteni. Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, naomba pazia hilo lisivutwe bado.

Mnatazamana. Siumwi, na sijalewa. Mnajua mimi hata soda naogopa. Kaeni niseme.

Jana nikiwa ofisini nafunga vitu vyangu kwenye maboksi, Joyline alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia. Akaniambia, na amenipa ruhusa ya kuyarudia haya: “Mwalimu, jina yangu mmeshaandika na mimi bado sijaamua. Nikienda huko kwingine, mtanifuta?”

Mtoto huyu ana barua mbili. Ya kwanza imetoka kwa chuo kikuu ambacho ukikitaja katika harusi watu wanageuka kukutazama. Wamemkubali kwa furaha, lakini katika yote aliyosoma hapa watahesabu masomo matatu tu, na hayo mengine ni kama hakuyasoma. Ataanza mwaka wa kwanza, akae miaka minne, na karo yake mimi niliisoma mara mbili nikidhani wamekosea kupiga chapa. Barua ya pili ni ya chuo cha umma, mbali kidogo na hapa, ambacho hata mimi ilinibidi niulizie kiko upande gani. Hao wanahesabu kila somo. Ataingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Na zote mbili zinataka jibu leo kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nilimjibu nini? Nilimwambia, “Nipe mpaka kesho.” Msajili mzima! Miaka ishirini na saba, mtu anakuja na swali la kazi yangu hasa, namwambia aje kesho. Mnajua kwa nini? Kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu haraka, na jibu langu limekaa pale mlangoni, limevaa shati la samawati.

Dan Oloo, usitoke. Tafadhali.

Huyu Dan, miaka saba iliyopita, alikuwa na alama ambazo hatujaziona tena. Naye alikuwa na barua mbili. Aliniambia, “Mwalimu, huku kwingine nitaingia mwaka wa tatu.” Nikamwambia, “Kwani unakimbizwa na nani?” Nikamshika mkono, nikampeleka pale ubaoni, nikamwonyesha nafasi iliyo wazi. “Hapa ndipo jina lako litakaa.” Sikumuuliza nani atalipa. Sikumuuliza nyumbani wako wangapi. Laiti ningeuliza, ningejua kwamba baba yake ni fundi wa viatu pale Kangemi, na kwamba dada yake, Ivyne, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu mwaka ule ule. Ivyne aliambiwa asubiri kidogo, kaka yake atangulie.

Alisubiri miaka miwili. Dan alirudia vitabu vile vile alivyokuwa amevisoma hapa, sura kwa sura, kwa bei ya dhahabu, na mwisho wa mwaka wa pili karo ikawashinda kabisa. Akarudi nyumbani bila digrii, na dada yake naye alikuwa amekaa bure. Kisha akaja ofisini kwangu, akaniambia kwa adabu kabisa, “Mwalimu, naomba mnitoe kwa hiyo ubao. Watu wakiisoma wananiuliza nilimaliza lini.” Nami, jameni, nikamwambia, “Dan, ukitoka utatuharibia safu.”

Safu! Mtu amebeba aibu yake mpaka mlangoni kwangu, mimi nawaza mistari ikae sawa. Jina lake lingali pale nyuma ya pazia.

Dan, nilikukosea. Usiseme ni chuo. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote kwa sababu nilikupoteza mbele ya watu, nikikusifu kwenye kipaza sauti kama hiki. Ivyne nilimpigia simu wiki jana. Hakunijibu vizuri, na ana haki yake. Nitampigia tena.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema Bi Naliaka ametukana vyuo vikubwa. Jina lina kazi yake, nikikataa nitakuwa mwongo. Katika ofisi zile za Upper Hill kuna watu wakiona jina lile juu ya karatasi wanakuita kabla hawajasoma mstari wa pili. Hilo lipo. Mwenye uwezo aende, na aende kwa raha zake. Lakini niwaulize, wazazi wangu: ni nani anayelipia hilo jina? Ni yule anayesoma, au ni yule aliyeambiwa asubiri? Na tukishapiga makofi hapa, tukala pilau, tukaenda zetu, nani atakuwa naye siku atakapofungiwa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya karo?

Mama Joyline, nakuona umekaa safu ya tatu. Umepika katika nyumba za watu kule Lavington ili mtoto huyu afike hapa, na nimesikia kanisa zima limeshaambiwa anaenda wapi. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningetangaza mpaka sokoni. Ila yale tuliyotangaza sisi wakubwa, tusimfanye mtoto ayalipie.

Joyline, jibu la swali lako la jana ni hili. Hutafutwa. Na kama unaenda kule kwa sababu tu tulishakuandika, usiende. Rangi tutainunua nyingine.

Amesimama. Acheni aseme. Ongea mwanangu, usiogope... Ati nini? Rudia.

Kwa wale wa nyuma: anasema ameshajibu. Alijibu asubuhi hii akiwa hapo getini, kwa simu. Amechukua kile chuo cha mwaka wa tatu. Anasema hajamwambia mama yake.

Tulieni! Jameni, tulieni. Mama Joyline naye amesimama. Mama, pole, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Sema lililo moyoni, hata kama ni kunigombeza mimi.

Kwa wale wa nyuma, mama anasema hivi: “Si ungeniambia! Mimi nimekuwa nikijikaza kwa sababu nilidhani ni wewe unayetaka kile chuo kikubwa.”

Mwenyekiti, Mkuu, ndugu zangu, nilikuwa na ukurasa mwingine hapa wa kuwashukuru mmoja mmoja. Nauacha. Nawashukuru wote pamoja kwa miaka mliyonipa, na kwa kunisikiliza leo bila kunizima. Asanteni sana. Sasa sogezeni hivyo viti, mpisheni mama apite. Anataka kumfikia mtoto wake.