Kimya cha Ng'washi

Benchi langu liko ubavuni mwa ghala la pamba, Bariadi. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Nauza kahawa, maneno yanakuja bure. Wateja wa kudumu ni wawili: Joakim, wanamwita Mkurugenzi kwa ajili ya suruali ya pasi, maana ofisi hana, na Januarius, wanamwita Bando kwa kuombaomba intaneti. Asubuhi hiyo alikuja Ng'washi wa Ngulyati, mjane anayejirekodi akitengeneza michembe, viazi vitamu vya kukausha, na kurusha mtandaoni. Akaweka simu juu ya benchi.

— Nikosoeni, lakini mniambie ukweli. Anayefika mwisho wa video ni mtu mmoja tu, na simjui. Mkisema haifai, naacha leo.

Wakainamia simu. Ng'washi yule wa ndani ya simu alikuwa amekaa, kisu kikiwa pembeni. Akasema, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, halafu akanyamaza, anatazama kama mtu aliyepiga hodi. Kisha akaanza kumenya.

— Hapo! Bando akaruka. Hicho kimya ndicho kinaua. Kata!

— Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, Mkurugenzi akasema. Sasa mshindo uko wapi? Kiazi kilipuke!

— Kilipuke kwa nini, baba?

— Watu wa siku hizi wanataka kustuka, mayu, mama yangu.

— Na ulie, Bando akadakia. Mjane asiyelia mtandaoni nani atamwamini? Mwenye macho haambiwi tazama, ila chozi litamwambia.

— Mimi nilishalia nikamaliza.

— Basi tafuta fisi! Mfunge kamba, umlishe michembe.

— Mjane na fisi, Simiyu hii? Mnataka nichomwe kama mchawi?

— Fisi akila michembe, nikasema, na wewe Bando utalipia kahawa.

Salu, dereva wa lori la pamba kutoka Mwanhuzi, alikuwa amesimama tu na kikombe chake. Mgeni, hata jina la kijiweni hajapewa.

— Samahanini. Hapo anaponyamaza, anamngoja nani?

Bando akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama mkunjo wa suruali.

— Nangoja waitikie, Ng'washi akasema. Huwezi kumsalimia mtu ukampita.

— Na nani anaitikia?

Ng'washi akaigeukia simu yake.

Shule sikukaa, lakini upumbavu unanichosha.

— Kimya chako ni kifupi, nikamwambia. Naitikia, nataka nikueleze mbuzi amezaa, wewe umeshashika kisu. Adabu gani hiyo? Ongeza. Na simu uiegemeze vizuri, nimechoka kuangalia bati la jikoni kwako.

— Bibi, wewe unaitikia? Ng'washi akauliza.

— Pale kwangu nani mwingine ananisalimia asubuhi?

Akanitazama mpaka nikaudhika.

— Kwa hiyo yule mmoja ni wewe?

Nikainamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa machicha tu.

Kesho yake, kwenye video mpya, bati halikuonekana. Ng'washi alisema, "Mwangaluka," akangoja. Akangoja kweli. Nikaitikia. Nikamweleza habari za mbuzi, za goti, za mvua iliyonyesha kwao Ngulyati ikatuacha sisi. Nilipomaliza, akachukua kisu, akaanza kumenya kama mtu ambaye hajasikia.